Sukuma za Nyuma ya Jengo

Wapangaji wa lile jengo la ghorofa nne kule Riruta walimjua Waithaka kama mzee wa lango tu. Hawakujua kwamba mahali pale pale alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa, zamani pakiwa karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari, naye akiwa msimamizi wa tanuri.

Karakana ilipofungwa ili zijengwe nyumba za kupanga, tajiri alimwagiza afukie mabaki ya risasi, yale madini ya ndani ya betri, kwenye shimo upande wa nyuma. Waithaka aliwasimamia vibarua mpaka shimo likajaa, udongo mwekundu ukamwagwa juu. Alikuwa ameahidiwa kazi ya lango. Akafyata ulimi.

Kisha akahamia Nanyama, fundi wa nguo, mwenyeji wa Kimilili. Kwao ardhi haiachwi ikae bure. Wiki ya pili tu alikuwa nyuma na jembe, akipanda mboga za sukuma na mrenda. Waithaka alimtazama akilima, akasema moyoni: nitamwambia kesho. Kesho zikapita, mboga zikastawi.

Kila Jumamosi Nanyama alimletea fungu la mboga. "Mzee, pelekea mama nyumbani."

"Ubarikiwe, mama," Waithaka alijibu, akipokea kwa mikono miwili. Mwanamke akishapanda ngazi, mzee aliziingiza pipani, chini kabisa ya taka. Mkewe hakuwahi kuonja hata jani moja. Nanyama alikula kila siku, na tumbo lake likaanza kuonekana. Kila asubuhi Waithaka alimuuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Naye alicheka, "Anapiga mateke tu!"

Jumamosi moja pipa lilipinduliwa na mbwa. Nanyama akashuka na taka zake, akakuta fungu la asubuhi limelala sakafuni, bado limefungwa kwa kitambaa chake.

"Mzee, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Ama mboga ya mkono wangu haikupendezi? Si ungesema tu!"

Uongo ulimjia tayari: tumbo linamsumbua, daktari amemkataza. Lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye mimba ile ya miezi saba.

"Usizile tena," alisema. Akamweleza yote, karakana, shimo na risasi.

Nanyama alikaa chini kwenye ngazi. "Ulijua tangu nianze kulima?"

"Nilijua."

"Na kila asubuhi unaniuliza mtoto anaendeleaje."

Waithaka alipojitolea kumsindikiza hospitali, mwanamke aliinua mkono. "Usinifuate."

Vipimo vilionyesha risasi imezidi katika damu yake. Daktari alimwambia aache mboga zile mara moja, awe akirudi kupimwa. Kuhusu mtoto, hakuna aliyeweza kumhakikishia lolote.

Jioni aliporudi hakwenda kulala. Alianza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine, kwa maana majirani wengi alikuwa amewagawia. Waithaka, akiwa chini, alimsikia akisema, "Yvonne, nisamehe, zile mboga nilizokupa zina sumu. Nisamehe, sikujua." Mtu asiye na kosa ndiye aliyekuwa akiomba radhi. Hilo lilimchoma mzee kuliko matusi yoyote ambayo angetukanwa.

Akapanda. Mlango uliofuata ulipofunguliwa, alitangulia kusema: "Kosa si lake. Ni mimi niliyefukia, na ni mimi niliyenyamaza." Wakazunguka hivyo jengo zima, mlango kwa mlango. Nanyama hakumtazama hata mara moja.

Jumatatu Waithaka alipeleka taarifa kwa maafisa wa mazingira, akawaonyesha mipaka ya shimo kwa hatua zake mwenyewe. Tajiri alimfukuza kwa simu kabla mchimbaji wa kwanza hajashika koleo. Mkewe aliposikia kisa chote, aliuliza jambo moja tu: "Mimi ulinikinga. Yeye je?"

Nanyama alihamia mtaa wa Jamhuri, akajifungua msichana mdogo wa umbo, ambaye madaktari wanaendelea kumfuatilia. Waithaka alizipata habari hizo kwa Yvonne. Alimsihi amfikishie salamu.

"Nilimfikishia," Yvonne alimwambia baadaye. "Aliendelea kumnyonyesha mtoto tu, mzee."