Maandishi Yamekosea

Kipaza alikuwa anaogopa, na kwa mtu aliyeendesha maisha yake kwa mdomo, kuogopa maandishi ni aibu mara mbili.

Vijana wa mtaani walikuwa wamelikarabati jumba la sinema. Viti vilishonwa upya, kuta zikapakwa rangi, na filamu ya kwanza kuonyeshwa Jumapili alasiri ilikuwa ile ya mama na mwanawe, nyeusi na nyeupe, iliyowaliza watu miaka nenda miaka rudi. Enzi hizo Kipaza alikaa kando ya skrini na kipaza sauti mkononi, akifasiri kila neno. Ndipo alipopatia jina lake. Safari hii mfasiri hakuhitajika. Kiswahili kingeandikwa chini ya picha, tena kimetafsiriwa na wasomi.

"Si ndiyo raha, baba? Utapumzisha koo," alisema binti yake, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyevishona vile viti.

"Nitaumbuka, mwanangu."

"Kwa nini?"

Basi akamwambia jambo ambalo hata marehemu mkewe hakuambiwa. Lugha ya filamu ile hakuijua. Hata maji ya kunywa asingeweza kuyaomba. Alikuwa akitazama nyuso za watu, anabuni.

Binti alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Alipoona baba hacheki, akamshika mkono. "Twende wote. Kama ni kuumbuka, tutaumbuka wawili."

Jumba lilifurika. Watu walimpisha njia, "Shikamoo, Kipaza!" huku na huku, na kila shikamoo ikamwongezea kijasho chembamba.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Mengi alikuwa ameyabahatisha. Ila mwisho ulikuwa unakuja, na mwisho ndio alioutia chumvi kuliko kwingine kote. Mwana anarudi baada ya miaka mingi, anabisha hodi. Mama anafungua, anamtazama, anasema maneno mawili tu. Hapo Kipaza alikuwa akizungumza dakika nzima: karibu mwanangu, chumba chako sikumpangisha mtu, chakula kipo jikoni. Leo maandishi yakatokea, meupe, bila huruma: *Rudi ulikotoka.*

Sauti ya kinyozi wa mtaa ikatoka nyuma.

"Hee! Maandishi yamekosea!"

"Yamekosea kabisa," akadakia mwingine. "Huyu mama hana roho hiyo. Tunamjua!"

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Fundi wa mashine akasimamisha picha. Kipaza angeweza kujinyamazia tu, na wasomi wa watu wangebeba lawama. Lakini roho ilimsuta. Akainuka.

"Jamani, maandishi yako sawa. Mimi ndiye niliyewadanganya. Lugha hiyo siijui hata chembe."

Mwanamke wa safu ya mbele akageuka. Alikuwa mwalimu, kastaafu juzijuzi.

"Mimi nimeifundisha lugha hiyo maisha yangu yote," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama anamfukuza mwanawe, wewe unamkaribisha! Nilitaka nije nikuseme."

"Mbona hukuja?"

"Nilikuwa sijasemezana na mama yangu miaka minne. Nilitoka hapa nikaenda kwake moja kwa moja, nikabisha hodi. Alifungua, Kipaza."

Macho yalimlengalenga Kipaza, na hakuyaficha.

"Endelea basi, mzee," kinyozi akapaza sauti. "Umetuacha njiani."

Mashine ikawashwa. Kwenye skrini mwana aligeuka, akaanza kuondoka taratibu, kichwa chini. Watu hawakumtazama yeye wala maandishi. Walimgeukia Kipaza, na binti yake akamfinya kiganja.

"Msimlilie," alisema Kipaza. "Anakwenda stesheni kuchukua mizigo yake. Anarudi sasa hivi."