Mtoto wa Olomure

Ibiyemi alikuwa na kiherehere cha kutaka kujua kila kitu, na hicho ndicho kilichomponza. Baba yake, mzee Ogundiran mhunzi, alikuwa taabani. Akifa, binti wa kwanza ndiye wa kumwita kwa sifa za ukoo, moja baada ya nyingine, hadi waliotangulia wampokee. Ibiyemi alizijua zote, ila neno moja lilimkera: "Mtoto wa Olomure." Olomure ni nini? Hata mzee hakujua. Alifundishwa na bibi yake, basi.

Akafunga safari kwenda kuulizia. Siku ya tisa, huko mashariki, ajuza muuza mawese alimkazia macho.

"We mwanangu, hilo umelitoa wapi? Olomure ni mji wetu! Ulichomwa wakati wa vita. Wanawake walifungwa kamba, wakauzwa."

Ibiyemi alilia, lakini moyoni alifurahi kwamba neno limepata kwao. Aliporudi alikuta baba ameshakata roho, na kaburi linachimbwa chumbani mwake, kama wanavyozikwa wenye nyumba. Naye, kwa ujinga wa mtu mwenye habari njema, akawasimulia ndugu wote pale uani.

Akanmu, binamu wa marehemu na mkuu wa ukoo, alicheka kwa dharau. Hakuwahi kumpenda Ogundiran.

"Mmesikia? Kumbe bibi yake alinunuliwa! Mjukuu wa mtumwa alale chini ya sakafu yetu? Fukieni hilo shimo."

"Baba mdogo, babu yenu si mmoja?"

"Babu mmoja, bibi mbalimbali. Na si mimi niliyesema, mama. Ni wewe na safari zako."

Hakuna aliyemtetea. Watu aliowafulia majembe miaka arobaini walishika makoleo wakafukia.

Walimzika makaburi ya mji, nyuma ya soko, kati ya wageni wasio na kwao. Wanawake wa ukoo walikuja, maana desturi inawataka waitikie. Ibiyemi akaanza kuita, nao wakaitikia vizuri tu. Alilifikia neno lile. Angeweza kuliruka.

"Mtoto wa Olomure!"

Wanawake walitazama miguu yao. Akaita tena, hakuna aliyefumbua mdomo. Mara ya tatu aliita, kisha akajiitikia mwenyewe.