Miavuli ya Kiangazi

Mume wangu alikuwa refa wa mpira, na ingawa filimbi aliitundika zamani, mtaa mzima bado unamwita Refa. Mtu aliyezoea kuwaonyesha wenzake kadi nyekundu hapendi kuonyeshwa hata ya njano. Ndiyo maana alipoteleza bafuni na goti likamvimba, lawama zote aliitupia sabuni.

Binti yetu alimpeleka hospitali. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, alimpima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, akampa fimbo ya kimo chake yenye kisigino cha mpira. "Babu," akamwambia, "ukianguka tena, nyonga itavunjika. Na nyonga ya mzee ikivunjika, mara nyingi mwenyewe harudi alivyokuwa." Binti naye akaweka lake: baba akianguka tena, nyumba tunaifunga na sote wawili tunahamia kwake. Kwake ni ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Huo ndio usalama tuliotafutiwa.

Mimi nilishika lile la nyonga. Mwenzangu sijui alishika lipi, maana fimbo ilifika nyumbani ikasimamishwa nyuma ya mlango, ikapewa kazi ya kutundikiwa aproni yangu.

"Fimbo ni ya wazee," aliniambia. Ana miaka sabini na minane.

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Haya si maradhi, mama watoto. Ni goti."

Asubuhi iliyofuata alitoka na mwavuli. Mkubwa, mweusi, wa mpini wa mbao. Jua lilikuwa kali na angani hapakuwa na hata wingu la kusingizia. Nilipomtazama, akasema hali ya hewa siku hizi haiaminiki.

Wazee wa mtaa hukaa kwenye benchi nje ya duka la Fundi Saa, ng'ambo ya dirisha letu. Fundi Saa bado anatengeneza saa, lakini kwa kuwa watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu, kazi yake hasa ni kulinda benchi. Haikupita wiki, Dereva mstaafu, yule mwenye mgongo mbovu, akaja na mwavuli. Akafuata Mrefu, ambaye ni mfupi, na ndiyo sababu tukamwita hivyo. Mwisho Fundi Saa mwenyewe, anayelala chumba cha nyuma ya duka, akawa anatoka kitandani hadi kwenye benchi na mwavuli mkononi. Msimu mzima halikudondoka hata tone.

Nilicheka pale dirishani mpaka machozi. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ncha ya mwavuli ni ya chuma na baraza ya duka ni ya vigae. Kila Refa aliponyanyuka, ncha iliteleza kidogo. Niliogopa, sioni haya kusema. Nimeishi na huyu mwanamume tangu ndevu zake hazijajaa, na sikutaka kumpoteza kwa sababu ya kuwaonea aibu watu wenye aibu ileile.

Siku mvua iliponyesha, ilinyesha bila hodi. Wazee ndio kwanza walikuwa wamenyanyuka kwenda kula pamoja mgahawani, na mvua ikawakuta barabarani. Wakasimama palepale, wanaume wanne na miavuli minne, yote imefungwa, kila mmoja ameukita wake chini na kuuegemea. Kuufungua ni kuuinua, na kuuinua ni kubaki na miguu miwili.

"Wazee, fungueni miavuli!" muuza vocha akawaita kutoka kibandani kwake.

"Manyunyu tu haya," Dereva akajibu, maji yakimchuruzika puani.

"Mvua ni baraka," akasema Mrefu.

Refa akasema upepo ule ungevunja vijiti. Hapo mimi nilishaitwaa fimbo nyuma ya mlango na natoka nayo, tayari kumwaibisha mchana kweupe. Watu walikuwa wameanza kutazamana na kuelewa. Fundi Saa naye aliona kwamba wanaelewa. Akacheka kwa sauti, akauinua mwavuli wake na kuufungua. Mwavuli ulifunguka vizuri sana. Yeye akaenda chini.

Ilikuwa nyonga.

Alipokwisha kupasuliwa, tulikwenda kumtazama. Wazee walikuja pamoja, na miavuli yao, maana hakuna aliyekubali kushika kitu kingine. Fundi Saa alikuwa amekonda ghafla. Akamwambia Refa polepole, "Mke wangu alininunulia fimbo kitambo. Nikakuona wewe, mkubwa wangu, unatembea na mwavuli tu. Nikajiuliza, mimi mdogo nitaishikaje?"

Refa akaigeukia fimbo yenyewe, ambayo mke wa Fundi Saa alikuwa ameileta kwa matumaini na kuiegemeza kabatini.

"Niazime hiyo," akasema. "Nitakutunzia mpaka uinuke." Hata hapo alijifanya anamsaidia mwenzake.

Tukatoka. Fundi Saa si mrefu kama yeye, kwa hiyo Refa alitembea ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Mlangoni tu pa wodi tukakutana na yule dada wa viungo.

"Babu, hii si yako. Ni fupi, na yenyewe itakuangusha. Yako iko wapi?"

Dereva na Mrefu walikuwa nyuma yetu, masikio wazi. Nikatazama ukuta, nikisubiri kusikia habari za hali ya hewa.

"Yangu iko nyumbani," Refa akasema kwa sauti yake ya uwanjani. "Ninayo tangu goti livimbe. Nimeificha." Kisha akawageukia wenzake. "Na ninyi?"

Dereva alitazama dari, akatikisa kichwa kukubali. Mrefu akakohoa.

"Mimi ninazo mbili," akasema.

Tukacheka sote, na yule dada pia. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Fundi Saa alikuwa anatusikia pale kitandani, na hakucheka.