Chemba Chini ya Marumaru

Asubuhi ya siku ya posa ya binti yake wa pekee, Bi Hamdiya alivuta maji chooni, na choo kikamjibu. "Bwaku!" kilisema. Maji yakapanda badala ya kushuka, yakasimama ukingoni yakimtazama.

Mwanamke mwingine angesema ni bahati mbaya. Bi Hamdiya hakuwa mwanamke mwingine. Tangu Idi ile ya miaka mitatu nyuma, chemba ya maji machafu ilipofurika na wageni wakatoka mbio viatu mkononi, nyumba yake ya Tabata ilikuwa na sheria. Mafuta ya biriani hayamwagwi kwenye sinki. Yanakwenda kwenye kopo la maziwa nyuma ya jiko, yakiganda yanatupwa na taka. Sinki lina wavu wake. Pamba na vitambaa havipiti chooni, mgeni awe nani. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi fundi Polikarpo huja kufungua chemba na kuchungulia, kuwe na tatizo au kusiwe. Malak, binti mwenyewe, alizionea haya sheria hizo.

"Wenzangu wana mama," alikuwa akilalamika. "Mie nina bwana afya."

Polikarpo akaitwa, akaja na vyuma vyake vya kuzibulia. Wakatoka uani kufungua chemba. Uani hapakuwa na chemba. Palikuwa na marumaru nyeupe inayong'aa, ukuta hadi ukuta, ambayo mumewe, Mzee Hashil, aliipigisha wiki ile kwa heshima ya wakwe. Bi Hamdiya alikuwa Kariakoo akihangaikia nguo, na aliporudi alisifia weupe, hakuhesabu mifuniko. Hata mkomamanga uliokuwa alama yao ya mahali ilipo chemba ulikuwa umeng'olewa.

"Baba Malak," aliita kwa upole wa kutisha, "chemba yangu iko wapi?"

Mzee Hashil alikohoa. "Mfuniko ule ulikuwa unaharibu sura ya ua, mke wangu. Nikamwambia fundi wa marumaru apitishe tu juu."

"Na ndoo zake za saruji, alioshea wapi?"

"Si humohumo, kabla hajafunika."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Bi Hamdiya kilikuwa kimevaa kanzu mpya. Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Wageni walitarajiwa baada ya alasiri, na mbele yao angekuwa Bi Zuwena wa Kinondoni, mama yake Khalil mwenye kuposa, mwanamke aliyekwisha kuvunja posa mbili za mwanawe. Ya kwanza aliivunja kwa sababu ya mapazia. Ya pili, kwa sababu ya harufu ya choo.

"Chini ya mfuniko kuna uwazi," alisema Polikarpo. "Tugonge sakafu, Mama Malak. Patakapolia tofauti ndipo penyewe."

Wakaanza kugonga kwa mchi wa kinu. Kazi ikaenda polepole mpaka jirani yao Atuganile, aliyekuja kusaidia kukatakata vitunguu, akapoteza subira.

"Kwa mchi tutafika kesho!" alisema. "Miguu tunayo, tukanyageni!"

Akaanza yeye, kisigino chini, du! Mashangazi wakafuata. Malak akatoka ndani na hina mbichi hadi viwikoni, mikono juu isije ikachafuka, naye akakanyaga. Redio ya nyumba ya pili ilikuwa ikipiga singeli, basi miguu ikashika mwendo yenyewe. Bi Hamdiya alijikuta anakanyaga na kuzunguka, kanga kiunoni, jasho linamtoka, akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Hapo ndipo geti lilipofunguka. Wakwe wajanja huja kabla ya saa, waione nyumba kabla haijajipamba. Bi Zuwena alisimama mlangoni na dada zake wawili. Miguu yote ikaganda.

"Kumbe ngoma imeanza bila sie!" alisema Bi Zuwena. Akampa dada yake mkoba, akakusanya buibui, akaingia kati.

Alikuwa mwanamke wa mwili. Kisigino chake, mara ya tatu, hakikulia du. Kililia buuum.

"Usisogee, mama!" Polikarpo alipiga magoti miguuni pake. "Ndipo hapo!"

Pa kujificha hapakuwepo tena. Bi Hamdiya alieleza yote, Idi, saruji na marumaru, huku nyundo ikivunja weupe wa Mzee Hashil na mfuniko ukiinuliwa. Bi Zuwena akainama kuchungulia. Bi Hamdiya alifumba macho.

"Hamna mafuta," alisikia. "Hamna pamba. Donge la saruji tu." Bi Zuwena akainua kichwa. "Mwenzangu, mie kwangu nimezibuliwa mara nne mwaka huu. Unafanyaje?"

Polikarpo aling'oa saruji, maji yakapata njia, na mashangazi wakashangilia. Bi Zuwena akapelekwa jikoni kuonyeshwa kopo la maziwa.

Baada ya alasiri wanaume walikaa sebuleni, na Malak, nyuma ya pazia, akaulizwa mahari yake kama ilivyo ada. Watu walisubiri kusikia dhahabu.

"Msahafu," alisema Malak. "Na mfuniko wa chemba wenye vishikio viwili, ambao mume wangu ataahidi kutoufunika kwa kitu chochote."

Sebule ilivunjika kwa kicheko. Khalil aliahidi kabla hakijaisha, na Mzee Hashil akatazama vidole vyake vya miguu. Bi Hamdiya hakucheka. Alikimbilia chooni, akajifungia, akalia kwa furaha kama mtoto. Watu wasije wakamsikia, akavuta maji.

Yakashuka yote kwa mkupuo mmoja. Kigelegele alichopiga humo ndani kilisikika hadi barabarani, na sebuleni wakajua posa imekubaliwa.