Sikio la Motlatsi

Jumatatu asubuhi Motlatsi Ramabitsa alikuwa anakunywa uji wa mtama uliochachuka, mkewe akamtazama upande wa kushoto.

"Baba Lineo, sikio lako liko wapi?"

Alijipapasa. Ngozi ilikuwa laini, haina kidonda. "Litakuwa kazini," akasema, akamalizia uji.

Kweli lilikuwa kazini. Lilikuwa limeota ubavuni mwa mtambo uliofungwa katika ofisi ya msimamizi wa zamu, lina joto lake na nta yake. Mtambo huo ulikadiria uwezekano wa mwamba kuporomoka. Ukizidi asilimia ishirini, hakuna mchimbaji anayeshuka mgodini. Mhandisi Terblanche aliuunda baada ya kumfuata Motlatsi miezi minane chini ya ardhi, akirekodi anavyougonga mwamba kwa nyundo na kuusikiliza. Hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi huo, ilitoka Ijumaa, kwa jina la Terblanche peke yake.

Motlatsi aliomba arudishiwe sikio. Mwanasheria wa kampuni akapitia hati, akasema chochote kilichoungana na mtambo ni sehemu ya uvumbuzi.

"Basi lisafisheni kila Jumamosi," Motlatsi akasema. "Huwa linaziba."

Tangu hapo sikio la kulia lilisikia pale alipo, la kushoto likasikia ya ofisini. Nyumbani, mkewe akahamia upande wa kulia wa meza.

Alhamisi moja, akiwa kwenye foleni ya lifti ya kushukia, alimsikia msimamizi huko ofisini akisema, "Thelathini na nane? Andika kumi na tisa. Dhahabu ya mwezi huu haijatimia."

Motlatsi akaketi chini.

"We mzee, magoti yamegoma au umemkumbuka mama?" alitania Khotso, mchimbaji aliyekuwa nyuma yake.

"Leo sishuki. Wameandika uongo. Nimewasikia kwa sikio langu."

Khotso alitazama mahali sikio lilipokuwa, naye akaketi. Foleni nzima ikaketi. Saa nne kasorobo mwamba uliporomoka kule ambako wangekuwa wanachimba.

Motlatsi alipewa barua ya onyo kwa kugoma. Mtambo ulipewa tuzo ya usalama, na msimamizi akapiga nao picha. Mgodi wa jirani ukaagiza mtambo wa pili.

Terblanche alikuja na utepe wa kupimia, akamkuta Motlatsi kwenye benchi, akamwomba ageuze kichwa.

"Hili la kulia linasikia vizuri?"

"Kuliko lile," Motlatsi akasema, akavua kofia ya chuma ili isimzuie kupima.