Printa Isiyokuwepo

...na wewe Febronia usinibinulie hiyo midomo, najua nikikusimulia utasema mama kazeeka, mama anaota mchana, wakati mimi nimekaa hapa kwenye benchi na macho yangu yote mawili na nimeona, mashine imeambiwa ichape na imechapa, na karatasi haikutoka, ingetoka wapi wakati printa yenyewe hakuna, pale mezani ilipokuwa imebaki alama ya mraba kwenye vumbi, sasa bisha, wewe si umesoma, bisha... lakini Febronia hanisikii kwa sababu sijafungua mdomo, yuko barazani anazozana na dereva kwenye simu, "kaka, mzee hawezi kukaa, kiti ukilaze kabisa," anataka baba yake aondoke leo hii kwenda Dar, kinachongojwa ni huyu Masanja, fundi wa kompyuta hapa zahanati, atume mistari ya moyo wa Kasmiri kwa daktari bingwa, bingwa akisema mleteni, gari linaondoka, na Kasmiri mume wangu yuko chumba cha pili, wameshambandua zile waya kifuani, amelala anaangalia dari kama mtu anayesubiri ugali... "Mtandao unasumbua kidogo, bibi," anasema Masanja, mtoto wa Kisukuma huyu, amezaliwa hapa hapa bondeni baba yake akiswaga ng'ombe kwenye mipunga ya watu, leo anashika mioyo yetu, haya, Mungu ana mzaha... mimi nilimwuliza tu, Masanja, umechapa wapi, akacheka, "Bibi, hii programu ya moyo ni ya kizamani, kuhifadhi haijui, inajua kuchapa tu, na printa ilikufa, sasa nimeiwekea printa ya uongo, yenyewe inaona printa ipo, imewaka, inamwaga mistari yote, kumbe pale kwenye poti, penye tundu la waya wa printa, kuna kiprogramu kimekaa kinadaka, kinafanya faili," nikasema na mashine haijui, akasema, "Haijui, bibi, ikijua hakuna wa kupokea inagoma, haitoi hata mstari," akarudi kwenye kioo chake, hakuona kwamba ametupa jiwe limenipata... hapana, jiwe gani, mimi sisikii kitu, kifua changu ni kama mguu uliokaliwa, ninajua kipo kwa sababu nakiona... haitoi hata mstari, ndivyo alivyosema, na Kasmiri naye tangu nimeolewa hajawahi kunitolea mstari, huyu mwanamume ukimwuliza unaumwa anasema mvua itanyesha, ukimwuliza tena anachukua jembe, nimeishi naye kama mtu anayeishi na mlango wa ghala, mpaka kiharusi kilipomwangusha pale kijijini kwetu Idete akaanza kumwita Evod, Evod mwanetu ambaye mtumbwi ulipinduka naye mtoni kabla hawajajenga daraja, na ni yeye Kasmiri mwenyewe aliyekwenda kumtambua kwa shati lake, kiharusi kikamfutia shati na mto na kaburi, kikamwachia mtoto... "Inatuma, bibi," haya, itume... na wala sikupanga, hilo Febronia haamini, anasema nimemchezea baba yake, mimi nilikuwa nachambua mchele, akaita kutoka ndani, "Evod!" nami nikaitika, "Naam, baba," mikono ikiwa bado kwenye ungo, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, wakati wa kuamia ndege tulikuwa na madungu mawili, vile vichanja vya kulindia mpunga, yeye amepanda dungu la juu kule mwisho wa shamba na debe lake, mimi na Evod dungu la chini, na kila mara aliita, hana haja na kitu, anaita tu ajue mtoto hajalala ndege wakala mpunga, na mtoto ni mtoto, analala, basi naitika mimi, nakaza sauti, naam, baba, nagonga debe, Kasmiri anatulia, Evod anasalimika na fimbo, miaka yote ile nimekuwa Evod kwenye mpunga na hakuna aliyeniita mwongo... Febronia alipokuja kutoka Morogoro akasema, "Mama, hii ni dhambi, mwambie ukweli," nikamwambia haya, mwambie wewe, akamwambia, kaka Evod alishafariki, baba, na Kasmiri akalia kama siku ile ya shati, akakataa uji, akalia mpaka akalala, asubuhi akaamka akaita, "Evod!" msiba umesahauliwa, tumeulilia bure, na Febronia akawa amewahi basi la kwanza, kutoboa anajua, kuziba ni kazi ya mama... nikaitika, ningefanya nini, na hapo ndipo alipoanza kumwaga, mambo ambayo mimi mkewe sikuwahi kupewa, kwamba mkono wa kushoto unamuuma hata ukiguswa na shuka, kwamba aliwahi kutaka kutukimbia akaishia kijiji cha Mbingu, akarudi kwa sababu njaa ilimshika na hakujua mji mwingine wenye sahani yake, nikacheka peke yangu, na siku moja akasema kwa sauti ndogo, "Evod, usimwambie mama yako, mimi naogopa gari, watanipakia siku moja, nitafia barabarani kama mbuzi wa mnada, wakinitoa, wewe nirudishe Idete, nikae karibu na dungu nikusikie," nikasema, naam, baba, na nikaenda kukoroga mboga, sikulia, nilitia chumvi mara mbili tu... "Bado kidogo, bibi, imefika nusu," anasema Masanja, na Febronia kachungulia dirishani, "Mama, gari lipo tayari, tunangoja daktari tu, mfungie baba ule mkeka," daktari tu, sawa, watu wote wameona moyo wa Kasmiri, daktari wa hapa ameuona akasema umechoka, bingwa atauona, hata Masanja ameuona umepinda pinda kwenye kioo, ila alichosema Kasmiri hakuna anayekijua isipokuwa Evod, na Evod ni mimi, nimedaka, nimekaa nacho... Masanja wewe una akili, ulipodaka hukukalia, ulitafuta pa kupeleka, mimi nimedaka nikalalia kama kuku, nikiambiwa tumpakie nanyamaza, nikiambiwa funga mkeka nafunga, sasa mtu amwambie mwanawe asimpakie, mwanawe aitike naam, halafu mwanawe huyo huyo ashike upande wa miguu kumpandisha garini... "Evod!" ndiyo huyo, anaita kutoka chumba cha pili, sauti ya kule dungu la juu imebaki ya kujaa kiganja tu, "Evod!" na Masanja ananiangalia, "Bibi, babu anamwita nani?" na mimi nainuka, nasema ananiita mimi, anauliza, "Na hii ikifika nimwambie nani?" namwambia mwambie Febronia, na mwambie dereva alaze kiti chake alale mwenyewe, mzee anarudi Idete, kasema, nimemsikia kwa masikio yangu, na Febronia barazani kaondoa simu sikioni, amesikia, atakuja, ataniita mchawi, aje, nitamkalisha nimwambie yote na mkono wa kushoto pia... kwenye kioo kile kimstari bado kinatambaa, hakijafika, mimi natoka, nasema, "Naam, baba, nakuja," nafunga mlango nyuma yangu.