Kikao cha Shimizi

Shimizi ya Mama ilionekana kwenye kamba ya nguo Jumatatu, na kufikia Jumatano ilikwishaitishiwa kikao. Ile familia bwana, hata chumvi ikiisha hukaa kikao!

Ilikuwa ya hariri, rangi ya maziwa, lesi kifuani, kamba nyembamba mabegani. Kaka Mkubwa aliiona alipokuja kumjulia hali mama yake, akaianua, akaisokomeza ndani ya koti kama mwizi wa kuku, kisha akawapigia simu dada zake wawili.

"Kama ni ya enzi za marehemu Baba, sawa, ni kumbukumbu," aliwaambia walipokutana sebuleni kwa Mama. "Lakini kama ni mpya, jamani, ana mtu! Mjane wa umri ule! Hapo nitamhamishia kwangu, kwenye kile chumba cha nyuma, na nyumba hii tutaifunga."

Mziwanda, binti wa mwisho, aligeuka kuutazama mlango wa jikoni. Alikijua chumba hicho. Dirisha lake linatazama ukuta, na kitasa kiko upande wa nje. Mama yake, ambaye kila akiamka hufungua redio na madirisha yote, angenyauka mle ndani.

"Si tumwulize tu mwenyewe?" akasema. "Yuko jikoni hapo, anatuchemshia chai."

"Huna adabu wewe!" Dada wa Kati alifoka kwa kunong'ona. "Mtu anamwuliza mzazi wake habari za shimizi?"

Kuiiba kambani na kuitandaza mezani watu waikodolee macho, hilo adabu iliruhusu. Kuuliza ndiyo dhambi.

Basi aliitwa muuza mitumba mmoja waliyemwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake na kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Alikuja na lenzi ya fundi saa. Dada wa Kati akaongeza sauti ya redio ili Mama asisikie, Profesa akaigeuza shimizi ndani nje, akainusa, akaguna kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kibandiko cha maelekezo ya kufulia? Hakuna. Lastiki? Hakuna. Pindo limeshonwa kwa mkono, na lesi vilevile. Kiwandani nani ana subira hii? Tena oneni, hariri imeanza kukatika pale ilipokunjwa. Hii imelala sandukuni miaka na miaka." Akavua miwani. "Ndugu zangu, shimizi hii imewazidi umri nyote, hata wewe mkubwa."

Wakati huo Mziwanda alikuwa amemshikia ubavu wa nguo. Chini ya kwapa, vidole vyake vikagusa kipande cha kitambaa kilichoongezwa. Akatazama. Mshono ulikuwa uleule, mdogomdogo, umelalia upande mmoja, kazi ya mkono uleule. Ila uzi ulikuwa mpya, mweupe pe. Nguo ilikuwa imepanuliwa imtoshe Mama wa sasa.

"Kuna lingine?" Profesa akauliza, huku akifunga lenzi yake kwenye kitambaa.

Mziwanda akaufunika ule uzi kwa kiganja. "Hakuna."

Kaka Mkubwa akaangua kilio. "Baba! Zawadi ya Baba!" Akaikumbatia shimizi, akaibusu kifuani, mmwaa, mbele ya mgeni. Kisha akatoa azimio: itiwe kwenye fremu ya kioo, itundikwe kando ya picha ya marehemu. "Na atakayethubutu kuisema vibaya nguo hii, au aliyemvisha Mama, mimi na yeye basi!"

Ndipo Mama akaingia na sinia la chai. Akaona meza, akaona lenzi, akazima redio.

"Kumbe iko hapa? Nami nailaumu upepo."

"Mama," alisema Kaka Mkubwa, machozi yakimtiririka, "tumejua yote. Ni ya tangu Baba anakuoa."

"Ya kabla," Mama akajibu, akimimina chai. "Baba yenu hakuipenda hata siku moja, ndiyo maana ikalala sandukuni. Alinishonea fundi mmoja, wazee wakamkataa. Sasa nimenenepa, ikabidi aniongezee ubavuni. Jumamosi anakuja na watu wake kuleta posa. Wewe mwanangu ndiye mkubwa, utawapokea."

Kaka Mkubwa alijifuta machozi kwa mkono wa koti. Dada wa Kati alitazama dari. Profesa, ambaye hakuulizwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye aliushangaa sana ule mshono.

Mama akaichukua shimizi yake, akaikung'uta, akaisogeza dirishani penye mwanga. Uso ukamkunjamana.

"Nani huyu," akauliza, "aliyeijaza mate hapa kwenye lesi?"

Mziwanda alicheka mpaka chai ikamtokea puani.